Hodi Isiyongoja Karibu

Sikilizeni, watu wa Kadutu, na watu wa vilima vyote vinavyolitazama ziwa! Hii ni hadithi ya haki za wafanyakazi, na haki ni jambo zito. Kwa sababu hiyo inatangazwa kwamba, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, hakuna mtu atakayepiga chafya humu ndani.

"Atchiaa!" ilikuwa sauti ya Papa Évariste.

Hiyo tusiihesabu. Tuendelee.

Papa Évariste alikuwa ameketi mbele ya bugali, yaani ugali, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, pamoja na mke wake na watoto. Alikuwa ametoka kazini. Alifanya kazi hapa Bukavu, kwenye kinu cha kusaga maganda ya kinkina, ule mti unaotoa dawa ya malaria. Vumbi la maganda hayo ni laini kuliko unga wa muhogo, na uchungu wake hauogopi sabuni. Lilimfuata mpaka nyumbani. Lilikaa katika nywele zake, katika nguo zake, katika vidole vyake. Akimega bugali, bugali unakuwa mchungu.

"Papa, sombe iko muchungu tena," alisema Colombe, binti yake mkubwa.

"Si sombe," alijibu mama yake, Adolphine. "Baba yako ndiye muchungu. Jana niliegemea shati yake kidogo tu. Leo mutoto amekataa kunyonya!"

Wote walicheka. Évariste naye alicheka, lakini kicheko chake kiligeuka kikohozi. Kikohozi kilimkunja kama mtu aliyebeba gunia. Kilipomwachia, alifuta machozi. Hakuna aliyecheka tena.

Zamani Évariste alikuwa sauti nene ya kwaya ya parokia. Alipoimba, viti vya kanisa vilitetemeka. Tangu awekwe kwenye kinu, pumzi ilimwishia kabla ya mwisho wa mstari. Siku za Jumapili alisimama na wenzake, akafungua kinywa na kukifunga kama samaki, sauti haitoki. Watu wengine hawakujua. Adolphine alijua.

"Mimi niliolewa na ile sauti," alimwambia. "Wewe ulikuja nayo tu. Sasa sauti imeenda wapi?"

"Iko ndani ya kinu," alijibu Évariste.

Hapo mlangoni palisikika, "Hodi!"

"Karibu!" alijibu Adolphine.

Aliingia jirani yao Déogratias. Zamani alikuwa seremala, sasa alikuwa mjumbe wa sendika, yaani chama cha wafanyakazi.

"Kikohozi chako kinapita ukuta, Papa Évariste," alisema. "Kwenye kinu, madirisha yako wazi?"

"Yamefungwa. Wanasema upepo unabeba unga."

"Basi badala ya upepo, unaubeba wewe, kwa mapafu. Kesho nitakuja kuangalia."

Évariste alitikisa kichwa. "Ulikuja mwezi uliopita. Ulipiga hodi mara tatu kwenye lango. Muzee Raphaël alinyamaza, nawe ukarudi."

Ni kweli. Raphaël alikuwa mlinzi wa lango. Aliambiwa asimkaribishe mtu yeyote, naye aliona njia rahisi ya kutii: kutosema neno lolote. Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua kwamba hodi tatu zisipojibiwa, mgeni anarudi kwake.

Déogratias alikuna kidevu. "Nilikosea. Nilifanya kama nimeenda kula kwa shemeji. Hodi ya nyumbani inaomba ruhusa. Hodi ya mjumbe kwenye kiwanda inatoa habari. Direkta wa kiwanda na sendika walipatana, wakatia sahihi. Kukiwa na hatari kwa afya ya wafanyakazi, mjumbe anaweza kuingia saa za kazi."

"Hivi hivi tu, kama mbuzi?" aliuliza Adolphine.

"Hapana, Maman. Ninajitambulisha. Ninaonyesha kadi yangu. Ninasema ni hatari gani nimekuja kuona. Sipigi kelele, sivunji kitu, sigusi mashine. Ninaangalia, na ninauliza wafanyakazi. Wakinifungia, sipigani nao. Ninaenda kwa enspekta wa kazi, na yeye anakuja."

"Na Évariste wakimufukuza?"

"Mufanyakazi aliyejibu swali hafukuzwi. Hilo nalo walipatana. Lakini lazima ajibu, Maman. Vumbi nitaliona mwenyewe. Kifua chake siwezi kukiona."

Usiku ule Évariste hakujua kama aombee Déogratias aje au asije.

Alikuja. Évariste alimwona kupitia ufa wa mlango wa kinu.

"Hodi!"

Mzee Raphaël alitazama mawingu.

"Hodi!"

Mzee Raphaël alitazama viatu vyake.

"Hodi!"

Kimya. Déogratias aliinua kadi yake. "Mimi ni Déogratias, mjumbe wa sendika. Nimekuja kuangalia vumbi la kinu. Hodi zangu zimekwisha, Muzee. Sasa ninaingia."

Akalisukuma lango, akaingia.

Raphaël alishika kofia yake, akitazama juu. Alingoja mbingu ianguke. Mbingu haikuanguka. Évariste naye alishangaa hivi kwamba alisahau kukohoa. Mtu mweusi, mwenye suruali yenye kiraka, alikuwa amepita lango lile la Wazungu bila karibu, naye alikuwa anatembea polepole kama padri kwenye maandamano!

Direkta alitoka mbio. "Nani amekukaribisha hapa?"

"Sahihi yako, Bwana Direkta."

Déogratias alielekea kwenye kinu, naye Direkta akamfuata ndani.

"Ninaomba mashine isimame kidogo, na dirisha moja lifunguliwe," alisema Déogratias.

Direkta alisita, kisha akainua mkono. Kinu kilinguruma, kikapunguza mwendo, kikanyamaza.

Évariste hakuwahi kuusikia ukimya wa mahali pale. Alisikia kuni zikipasuliwa mbali. Alisikia ndege. Dirisha lilifunguliwa na jua likaingia kama ubao mrefu wa dhahabu, na ndani ya jua lile vumbi lilikuwa hai. Lilipanda, likashuka, likazunguka bila mwisho, jingi kuliko nyota. Lilikuwa zuri. Lilitisha. Wafanyakazi wote walivua kofia, na hakuna aliyewaambia wavue. Miezi yote hii walikuwa wamekula kitu hiki, nao hawakuwahi kukiona.

"Évariste," alisema Direkta kwa sauti ndogo, "wewe unaumwa?"

Évariste alipiga hatua moja mbele.

"Bwana," alisema, "zamani nilikuwa naimba."

Direkta alivuta pumzi ili ajibu. "Atchiaa!" Akalamba midomo, na uso wake wote ukakunjamana kwa uchungu.

Hiyo nayo tusiihesabu.

Direkta alikubali, na kazi ya kubadilisha kinu ikaanza. Mdomo wa kinu ulifunikwa kwa bati. Waliweka feni ya kuvuta vumbi na kulitupa ndani ya mifuko. Wafanyakazi walipewa vitambaa vya kufunika pua, mahali pa kuoga, na nguo za kazi zisizotoka kiwandani. Wenye kikohozi walipelekwa kwa daktari. Évariste alihamishwa kwenye uwanja wa kukaushia maganda, penye hewa, wala hakufukuzwa. Mzee Raphaël alijifunza kusema, "Mujumbe amefika!" na aliisema kwa fahari, kama ni yeye aliyeitunga.

Sombe ikarudi kuwa sombe. Shati la zamani la Évariste lilitundikwa kwenye ua, na watoto wa Kadutu walishindana nani atathubutu kulilamba.

Kikohozi hakikuondoka siku moja. Kilipungua kama mvua inavyopungua. Halafu Jumapili moja kwaya ilifika kwenye mstari mrefu, na chini ya sauti zote ikapanda sauti nene, ikafika mwisho wa mstari, ikapita. Viti vilitetemeka. Adolphine alifunika uso kwa mikono yote miwili. Kanisa zima lilishika pumzi.

Na katika ukimya ule mtakatifu: "Atchiaa!"

Naona msomaji amekwisha kunikamata, basi ninakiri. Chafya hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekung'uta vumbi kidogo la lile shati ndani ya kitambaa cha mkono cha mwenzangu, ili nicheke yeye akipiga chafya wakati wa misa. Sikujua kwamba Papa Évariste ataimba namna ile, wala kwamba mwenzangu, akiyaona machozi yangu, atanipa kitambaa chake.