Sauti ya Pili ya Mama Angeline

Siku ya kwanza tableti ilipokohoa, ilikuwa imezimwa.

Ilikuwa juu ya kabati, kando ya redio, na Mabonga alikuwa akimenya viazi. Kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo, cha adabu, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuimba. Alikijua. Alikuwa ameishi nacho nyumba moja kwa miaka thelathini na mmoja. Akajiambia ni jirani, ingawa jirani wa upande ule alihama Januari na mlango wake ulikuwa na kufuli.

Mtu akikuambia kuna jini Langas, mtaa wetu huu, cheka kwanza. Kila mtu wa Eldoret anajua majini ni mambo ya Pwani; huku kwetu baridi ya mwezi wa saba ingeyarudisha Mombasa yakiwa na kifua kimebana. Hata mimi ninayesimulia niliamini hivyo. Nimelala Juba, Kigoma na Pemba, na kitu pekee kilichowahi kunitoa kitandani mbio ni kunguni. Lakini Mabonga si mtu wa kuongeza chumvi. Ni karani wa stoo ya mahindi. Kazi yake ni kuchoma magunia kwa chuma cha kupima unyevu na kuwaambia wakulima wa Soy na Sugoi kwamba mahindi yao bado mabichi, warudi nayo nyumbani. Ni kazi isiyompa mtu marafiki.

Rafiki yake alikuwa mkewe, Sylvia Nabalayo, Mama Angeline, aliyeongoza sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa. Wanakwaya wengi hawakujua kusoma nota, kwa hivyo Sylvia aliwaimbia kila wimbo kwenye tableti, sauti yao ya pili tu, kisha akawatumia wajifunzie nyumbani. Katikati ya mistari aliwagombeza. "Karibia. Sikusikii! Fungua mdomo." "Usikimbie, ningoje." "Rudia. Pumua. Taratibu." Katika rekodi moja mjukuu wao Lorraine, akiwa bado anatambaa, analia nyuma, na Sylvia, kukhu wake, yaani bibi yake, anakatiza wimbo: "Lorraine, kuja. Kuja kwa kukhu." Halafu anaendelea pale pale alipoachia, bila kupotea hata nusu nota.

Alifariki mwaka jana, mwezi wa tatu. Walimzika kwao Kimilili. Siku ya tatu baada ya mazishi, kama desturi ya Wabukusu, watu walinyolewa na vitu vya marehemu vikatolewa nje, vikatandazwa kwenye mkeka ili vigawanywe: nguo, sufuria, miavuli miwili, viatu vya kanisani. Kila kitu hutoka. Shangazi yake Sylvia, mama mmoja mkavu aliyesimamia shughuli, aliuliza mara mbili, "Vimeisha?"

"Vimeisha," Mabonga akajibu. Tableti ilikuwa ndani ya koti lake, imebanwa kwapani. Siku yenyewe ilikuwa na jua, watu walikuwa wakijipepea kwa kofia, na yeye alikuwa amefunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Tangu hapo, kila jioni akitoka stoo, aliwasha tableti, akavuta kiti na kuuliza, "Mama Angeline, uko?" Kisha alibonyeza wimbo, na sauti ya pili ikajaa jikoni. Sauti ya pili peke yake ni kitu cha ajabu. Haina wimbo wa kueleweka. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, kama mtu anayejibu mazungumzo ya watu usiowaona.

Wiki moja baada ya kile kikohozi, aliuliza, "Mama Angeline, uko?" na kabla hajabonyeza kitu, tableti ikasema, "Karibia. Sikusikii."

Watu wa kwao hufunzwa tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Mabonga alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini ni mwaka mzima na zaidi hakuna mtu aliyemwambia akaribie. Alivuta kiti.

"Leo nimerudisha lori nzima ya mtu wa Soy," akasema. "Amenitukana mpaka babu yangu."

"Pumua," ikasema tableti. "Taratibu."

Naye akapumua. Nani angekataa? Alianza kupika ugali wa watu wawili. Aliacha kwenda kanisani, kwa sababu huko kwaya ilikuwa imepata sauti ya pili nyingine. Binti yao Angeline akipiga simu, alijibu kwa haraka kama kijana aliye na mgeni ndani. Ni harufu tu ndiyo iliyomsumbua: harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, mbichi, na ilipanda hata siku za jua kali, hata alipofunga madirisha. Mtu wa kupima unyevu hadanganyiki na harufu. Alijua ni mbichi kiasi gani. Bado alivuta kiti.

Jumamosi moja Angeline, aliyefanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya Plateau, alimletea Lorraine, sasa ana miaka minne.

"Baba, umekonda. Unakula kweli?"

"Nakula vya watu wawili."

"Na hii nyumba inanuka nini? Kama kaburi."

"Ni mvua, mama. Nenda, utachelewa."

Saa tisa mvua ikaanza, ile ya Eldoret inayokuja na mawe, inayopiga mabati mpaka mtu asisikie mawazo yake. Stima ikapotea, nyumba ikawa giza. Mabonga aliingia chumbani kutafuta sweta ya mtoto, na aliporudi jikoni kiti cha Lorraine kilikuwa kitupu, mlango wa nyuma uko wazi, na juu ya kabati tableti ilikuwa imewaka, nyeupe, haina picha wala maandishi, inaimba sauti ya pili polepole kuliko Sylvia alivyowahi kuiimba. Chini yake, kwa mara ya kwanza, palikuwa na sauti nyingine, nzito, isiyokuwa ya mtu yeyote wa kwaya ile, iliyoufuata wimbo kama mtu anayejifunza kutembea kwa kukanyagia nyayo za mwenzake.

Akatoka mbio bila viatu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kisima cha zamani kilichofunikwa kwa bati, na juu ya bati jiwe ambalo yeye mwenyewe, mwanaume mzima, hulisogeza kwa mikono miwili akihema, sasa jiwe lile lilikuwa kando, na bati limesogea, na Lorraine alikuwa amepiga magoti ukingoni katika mvua ya mawe, ameinamisha kichwa ndani ya lile shimo jeusi, akitabasamu, na kutoka chini, chini kabisa ambako hakuna tableti wala spika wala mtu, sauti ya Sylvia ilikuwa ikisema, tamu, bila kuchoka, "Lorraine, kuja. Kuja kwa kukhu. Lorraine, kuja. Kuja kwa kukhu," na kila iliporudia ilisikika imepanda karibu zaidi.

Alimkamata kwa mguu.

"Kukhu ananiita, guka," mtoto akamlilia babu yake. "Anasema nifungue mdomo."

Hakungoja mvua iishe. Alimfunga Lorraine mgongoni kwa shuka, akaitia tableti kwenye mfuko wa nailoni, wakapanda boda mpaka mjini, kwenye kibanda cha Sharon, binti wa Kikalenjin anayetengeneza simu karibu na soko. Sharon aliwatazama walivyolowa chepechepe.

"Mzee, umeogelea na hii kitu?"

"Nataka ifutwe. Kila kitu. Ibaki kama ilivyotoka dukani."

"Reset? Hiyo ni dakika tano, Mzee." Aliibonyeza huku na huku. "Lakini kuna marekodi mingi hapa. Mama anaimba poa! Nikutolee kwanza niweke kwa memori kadi? Ukifuta, zimeenda. Hakuna mahali zinabaki."

Mabonga hakuwa na sauti ya Sylvia mahali pengine popote. Simu ya zamani iliibwa. Kwenye harusi hawakurekodi. Hao wanakwaya walifuta nyimbo zamani kupata nafasi ya video za vichekesho. Alishawauliza, mmoja mmoja. Kadi ya ukubwa wa ukucha, angeificha popote. Hata kwapani.

Mgongoni, Lorraine alikuwa amelala. Katika usingizi alikuwa akiimba, chini kwa chini, sauti ya pili.

"Usitoe chochote," Mabonga akasema. "Nionyeshe pa kubonyeza. Nitafanya mwenyewe."

Sharon alizima tableti, akamshikisha vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuongeza sauti. "Shikilia mpaka nikwambie." Orodha ikatokea. Sharon akateremka mpaka mstari wa kufuta data zote. "Sasa bonyeza mara moja tu."

"Ningoje," ikasema tableti.

Sharon akarudisha mkono wake. "Hiyo imetoka wapi? Spika haifanyi kazi ikiwa kwa hii menyu!"

"Usikimbie. Ningoje. Baba—" Hapo ikakwama. Sylvia hakuwahi kurekodi jina la kumwita mumewe, Baba Angeline. Angelirekodi kwa nini, walikuwa wanakaa pamoja. "Ningoje. Ningoje."

"Nenda salama, Nabalayo," Mabonga akasema, ingawa alijua si yeye, akabonyeza.

Mstari mdogo ukatambaa kwenye kioo. Harufu ya udongo ikakatika ghafla, kama mlango uliofungwa. Kisha neno moja la kukaribisha, na orodha ya lugha, uchague. Mgongoni Lorraine akaacha kuimba, akaanza kukoroma kawaida, kama mtoto.

Tableti aliiacha hapo. "Ivunje utoe vipuri," alimwambia Sharon. "Usimpe mtu ikiwa nzima." Sharon aliishika kwa kitambaa. Angeline alipokuja kumchukua mtoto alielezwa yote. Hakucheka hata kidogo, akaleta vijana wawili na simenti wakafunika kisima.

Jumatatu Mabonga alirudi stoo. Jioni alipika ugali, akasahau, ukawa wa watu wawili. Alikaa mezani. Alijaribu kuikumbuka sauti ya pili ya wimbo wowote, akaambulia sauti ya kwanza tu, ile ambayo kila mtu anaijua. Juu ya kabati palikuwa na alama ya mraba isiyo na vumbi.

Kisha, nje, chini ya simenti, mtu akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha Sylvia. Cha Sylvia kilikuwa kimefutwa, hakuna mahali kilibaki. Kitu kile kilikuwa kimebaki na sauti tu kiliyoisikia chenyewe, jioni baada ya jioni, mwaka mzima, kutoka kwenye kiti hiki.

"Mama Angeline," ikaita sauti ya Mabonga mwenyewe, iliyozeeka kuliko alivyojidhania, "uko?"

Ikangoja. Ikauliza tena. Haikuwa na hasira wala ujanja. Mabonga hakuwahi kujua kwamba ndivyo alivyosikika.

Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Alikaa akiisikiliza ikiuliza mara ya tatu, mara ya nne, mpaka ugali ukapoa na kutengeneza ngozi juu. Kisha akainuka, akafungua mlango wa nyuma, akatoa kiti chake nje.

"Niko," akasema.