Risasi ya Pili ya Vieno

Boti ilipogonga mwamba, Reijo alikuwa bado anaeleza kwa nini risasi za dukani ni bora kuliko za kutengeneza nyumbani.

Ziwa Inari, kule kaskazini kwenye baridi, limejaa miamba iliyojificha chini ya maji, na Reijo, mzaliwa wa kusini, hakuwahi kuwa na subira ya kuijifunza. Ubao ulipasuka, maji ya Oktoba yakaingia, na boti ikazama na bunduki mpya ya Reijo, chakula chote na simu zote mbili. Vieno, dada wa mke wake, mwanamke wa miaka sitini na sita, alitambaa hadi kwenye kisiwa kidogo cha misonobari, bunduki yake ikiwa bado mgongoni. Kisha akarudi majini akamburuta shemeji yake kwa ukosi wa koti. Mguu wa kulia wa Reijo ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo.

Aliufunga kwa matawi mawili na mkanda. Njiti za kiberiti alikuwa nazo ndani ya ganda tupu la risasi aliloliziba kwa nta, kwa hiyo moto ukapatikana, ingawa mdogo na wenye moshi mwingi. Ukungu uliumeza moshi wote. Mke wa Reijo, Aune, alikuwa nyumbani ng'ambo ya maji, akijua kwamba wawindaji wake wangerudi keshokutwa. Reijo alikuwa ameloa mpaka mifupani na meno yake yalikuwa yakigongana. Vieno aliona wazi kwamba mtu huyu hataiona asubuhi, na aliogopa.

Kilichobaki kilikuwa bunduki. Ilikuwa bunduki ya vita, ya baba yake, na mtutu wake ulipenda risasi za kichwa kirefu na kizito ambazo maduka yaliacha kuziuza zamani. Basi Vieno alizitengeneza mwenyewe, kwenye chumba cha kuvulia nguo mbele ya sauna, bafu lake la mvuke: fataki mpya ya kuwashia kwenye ganda la zamani, baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha kichwa kizito juu yake. Reijo aliziita mikate ya shemeji. Mfukoni zilikuwamo risasi sita.

Kuomba msaada ni milio mitatu yenye nafasi sawa. Wa kwanza ulinguruma ziwa zima. Wa pili ulisema pap, kama chupa inayozibuliwa.

"Imegoma," Reijo akasema. "Weka nyingine, shemeji, haraka."

Mkono wa Vieno ulikuwa tayari kwenye komeo la bunduki. Ukasimama hapohapo.

"Hapana. Kichwa kimekwama ndani ya mtutu. Nikipiga nyingine nyuma yake, chuma kinapasuka usoni kwangu, na wewe uko hapo hapo."



Vieno aliielekeza bunduki ziwani, akahesabu mpaka sitini, kisha akalichomoa komeo na kuchungulia mtutu kuelekea angani. Giza tupu. Chini ya mtutu kulikuwa na ufito wa chuma wa kusafishia, kama walivyopewa askari, lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na hakuweza kuuzungusha ili utoke. Bila kuomba ruhusa akaingiza mikono yote miwili kwapani mwa shemeji yake.

"Aune asijue," Reijo akasema huku akitetemeka.

"Aune atanihurumia."

Vidole viliporudi, ufito ulilegea. Reijo aliibana bunduki kati ya mapaja, mdomo juu, na Vieno akauteremsha ufito ndani na kuugonga kwa gogo la mti. Aligonga muda mrefu. Kila pigo lilimuuma Reijo mguuni, naye hakulalamika hata mara moja. Mwishowe kichwa kizito kikaangukia kwenye majani kwa upande wa nyuma.

Reijo alikiokota. "Baruti haikuwemo?"

"Haikuwemo. Fataki peke yake ndiyo iliyokisukuma. Niliruka ganda moja. Kwenye daftari langu la risasi, siku ile nimeandika: Reijo kaingia na kahawa, kasimulia kisa cha samaki."

"Kumbe ni mimi."

"Mwenye mizani ni mimi. Mlango una kitasa, sikukifunga."

Zilibaki nne. Akazitikisa moja moja sikioni, akazilinganisha uzito viganjani. Akapiga tatu, kwa nafasi sawa, na zote zikanguruma.

Wakasubiri. Wawindaji wa huko wana msemo: mlio mmoja ni nyama, miwili labda, mitatu hakuna kitu. Reijo aliukumbuka akavunjika moyo. Alisema Aune atadhani wamemkosa kulungu, atacheka na kuendelea kukanda unga. Vieno pia alikuwa ameshafikiria hivyo. Alichochea moto na kumkumbatia shemeji yake kwa nyuma ili asigande.

Kisha injini ikasikika ndani ya ukungu, ikipotea na kurudi. Vieno akapiga risasi yake ya mwisho kuielekeza.

Aune aliruka kutoka boti ya jirani, mikono ikiwa bado na unga. Alimfunika mumewe blanketi mbili, akambusu, kisha akamsema.

"Ungekuwa wewe umepiga tatu, Reijo, ningeendelea na mkate wangu. Lakini mlio wa bunduki ya baba naujua, na dada yangu hajawahi kumpiga mnyama mmoja risasi tatu maishani mwake."

Reijo alicheka hadi machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Kiangazi kilichofuata, akichechemea, alipeleka kahawa kwenye sauna ya Vieno. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akaketi kwenye benchi nje, jua usoni, vikombe viwili vikipoa kando yake. Kitasa kilipofunguliwa, aliingia, akachukua tochi na kumulika ndani ya kila ganda lililopangwa kwenye kibao, moja baada ya jingine. Dirishani kilikuwa kimewekwa kile kichwa kizito cha kisiwani.

"Yote yana baruti," akasema.

Vieno akaandika kwenye daftari, akalifunga, akapokea kikombe chake cha kahawa baridi na kumsogezea kiti.

"Haya, shemeji. Yule samaki ilikuwaje?"