Mgeni wa Maji Kujaa

Sikilizeni, majirani, maana jambo hili halikutokea mbali na milango yetu.

Palikuwa na mtaa mpya kando ya mfereji uliochimbwa kutoka baharini. Nyumba nyeupe, ngazi za kushukia majini, watoto wakiwarushia samaki makombo ya mkate. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya msimamizi wa ujenzi. Tajiri mwenye mradi alimpa kama shukrani. Mkewe, mshona mapazia, aliweka cherehani yake dirishani, akaamini kwamba sasa amefika.

Haukupita mwaka, samaki wakaanza kuelea matumbo juu. Asubuhi moja mke alitupa ganda la chungwa majini. Jioni lilikuwa bado palepale. Mtoto wao mdogo akatokwa na vipele mwili mzima, na wa jirani vilevile.

"Joto tu hilo," mume alisema. Alisema haraka mno.

Kisha zikaja simu. Alizipokea uani, akinong'ona: "Asubuhi usije. Njoo saa nane." Safari nyingine ikawa saa tisa unusu. Mke akapekua mfuko wa shati lake, akakuta karatasi iliyojaa tarehe na saa, bila jina la mtu.

"Shoga, mwenzio ana nyumba ndogo," jirani alimwambia, akicheka. "Tena ina ratiba!"

Mke hakucheka. Siku iliyoandikwa alijibanza nyuma ya pazia aliloshona mwenyewe. Saa nane mgeni akaja. Hakuwa mwanamke. Alikuwa mkaguzi wa mazingira na daftari lake. Maji yalikuwa yamejaa hadi ngazi ya juu, yanameta. Mkaguzi akaandika, akanywa soda, akaenda zake. Jioni maji yakapwa, uvundo ukaingia hadi ndani ya sufuria.

Ndipo mke akaielewa karatasi ile: zilikuwa saa za maji kujaa. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Akafungua mkoba wa mumewe, akakunjua ramani. Mfereji ulichorwa ukiwa na midomo miwili, maji yaingie huku, yatokee kule. Akahesabu viwanja kwa kidole mpaka mdomo wa pili. Kidole kikasimama jikoni kwake.

"Baba watoto, tunalala juu ya nini?"

Mume akaketi. "Tajiri alitaka kiwanja kimoja zaidi. Nikaufukia mdomo ule. Shukrani yake ndiyo hii nyumba."

"Na mkaguzi ukawa unampangia saa!"

"Ukisema, itabomolewa. Tutakwenda wapi, mama watoto?"

"Tulikotoka. Kule hakukuwa na ngazi ya majini, lakini hakukuwa na vipele."

Akaichukua simu ya mumewe, akapiga mbele yake. "Mheshimiwa mkaguzi, safari hii njoo maji yakipwa. Na uvae mabuti."

Mkaguzi akaja, akaziba pua, akaona. Mume akafutwa kazi, tajiri akashtakiwa, na katapila likaanzia jikoni. Siku mdomo ulipofunguliwa, mke alisimama ukingoni, cherehani miguuni pake, akatupa ganda la chungwa. Kabla hajajifuta mikono, lilikuwa limeshika njia ya baharini.

SOMO

Ndugu zangu, anayejenga kando ya maji ayaachie maji njia yao ya kutokea. Mkaguzi aje saa ambayo hakupangiwa. Nawe ukipewa nyumba ya bure, kabla ya kutundika pazia, uliza imesimama juu ya nini.