Upande wa Jua

Injini ya mashua ilikohoa mara tatu, ikatapika moshi, ikanyamaza. Lamjed, mfamasia wa mji wa bandari wa Bizerte aliyekwisha kuzamisha meli mia nne na kumi na mbili bila kutoka sebuleni kwake, aliiinamia akaitazama. Hakujua hata pa kushika.

"Si wewe nahodha?" mkewe Saloua akamuuliza.

"Nahodha wa nyambizi, mama. Kwenye mchezo injini ina watu wake."

"Basi waite."

Wakacheka. Miaka kumi na moja mwanamume huyu alikuwa akiutumikia ule mchezo wa kompyuta, kila Ijumaa chini ya bahari akiwinda meli, na miaka kumi na moja Saloua alikuwa akimpelekea chai na kumsimanga. Lakini Lamjed alipozidi kuinama, simu ikamtoka mfukoni ikaenda zake majini. Saloua naye yake alikuwa ameiacha nyumbani makusudi, watoto wasimsumbue. Saloua akatupa nanga. Kamba ikapita mkononi mwake ikamchuna kiganja chote, ikaisha, na ncha yake ikaifuata nanga. Kaka yake, aliyewaazima mashua, hakuwa ameifunga kamba hiyo popote.

Hapo hawakucheka tena. Upepo wa kusini, ule mkavu wenye vumbi la jangwani, uliwasukuma mchana kutwa. Jioni nchi kavu ilikuwa mstari mwembamba, na asubuhi yake haikuwapo kabisa. Walibakiwa na nusu chupa ya maji, kipande cha mkate, mkebe wa jodari na makasia mawili.

"Tupige makasia turudi," Saloua alisema. Kiganja chake kilikuwa kimevimba ndani ya kitambaa kilichochanwa kwenye shati la mumewe, na midomo imeanza kupasuka.

"Kushindana na upepo huu? Tutamaliza maji kabla ya adhuhuri, na tutakuwa hapa hapa." Lamjed alisema taratibu, kama anavyowaambia wagonjwa wabishi dukani kwake. "Nisikilize, mama Hanene. Bahari kubwa hii, anayeikimbiakimbia anachoka bure. Unakwenda kwenye njia ya meli, unatulia, unasikiliza. Na njia iko kaskazini yetu. Upepo unatupeleka wenyewe."

"Hayo umeyapata kwenye kompyuta?"

"Wallahi, kwenye kompyuta."

Saloua alimtazama. Mwanamume wa watu, kitambi chake, pua imebabuka kwa jua. Alimpenda, na aliogopa kufa naye. "Haya," akasema. "Lakini tukifa, sikusamehe."

Basi wakafanya doria. Kila baada ya muda Lamjed alizamisha kasia, akabana sikio kwenye mpini, akashika pumzi. Mara ya sita mti ule ukamletea mlio: tuk, tuk, tuk, mzito, wa mbali. Akamwita Saloua naye asikilize, na macho ya mama wa watu yakamtoka.

"Ni meli!"

"Ni meli. Propela moja, inakwenda polepole. Ya mizigo."

Ilichomoza magharibi, ikielekea mashariki. Lamjed akailenga kwa msumari wa ubavuni mwa mashua, akakisia mwendo wake, akashika makasia. Alipiga kwa nguvu zake zote. Saloua alihesabu mawimbi kwa sauti ili mumewe asiache. Na kweli, meli ilipokaribia, mashua ilikuwa pale pale alipopataka: pembeni ya njia yake, mita mia saba, ubavu mzima wazi mbele yao.

Wakasimama. Wakapunga, wakapiga kelele mpaka koo zikakauka. Meli ikapita kama haikuona hata povu.

Saloua alibaki ameinua mkono mbovu. Kisha akageuka, jua la asubuhi likampiga usoni, akafumba macho. Akageukia tena meli inayoondoka. Akaelewa.

"Baba Hanene. Kwa nini umetuweka upande huu?"

"Upande gani?"

"Wa jua. Mtu akiwa kule juu akitazama huku, ataona nini zaidi ya mwanga?"

Mara mia nne na kumi na mbili, mchezoni, Lamjed aliingia kutoka upande wa jua, ili mlinzi asimwone. Mikono yake ilikuwa imefanya ilivyozoea bila kumuuliza. Akaketi chini, akajifunika uso, akalia waziwazi.

"Nimetuficha," akasema. "Ee Saloua, nimetuficha mimi mwenyewe."

Alitegemea matusi, na alistahili. Saloua akamsogelea, akamwekea chupa mdomoni, akamlazimisha funda moja lililozidi haki yake.

"Umeipata lakini," akasema. "Katika bahari yote hii umeipata. Sasa itafute nyingine, halafu kila ulichojifunza kifanye kinyume."

Nyingine ilisikika alasiri, maji yakiwa yamekwisha. Nayo ilitoka magharibi, na safari hii jua lilikuwa nyuma yake. Lamjed hakwenda pembeni. Aliipeleka mashua katikati kabisa ya njia, omo la meli, ile pua yake kubwa, likawaelekea bila kuyumba, likikua.

"Itatupanda!" Saloua akapiga kelele.

"Ikituona haitatupanda. Ng'arisha!"

Saloua akaupindua mfuniko wa mkebe wa jodari kwa mkono wake mzima, akalirudisha jua kule lilikotoka, mara, mara tena. Lamjed alivua suruali nyeupe akaipeperusha juu ya kasia. Haya zilikwishamtoka.

Honi ikanguruma. Ukuta ule wa chuma ukaanza kugeuka, taratibu mno, ukawapita kwa umbali wa kutupa jiwe. Juu ukingoni mtu mmoja alikuja mbio, leso ya chakula bado iko shingoni, uma mkononi, akawapungia uma huo kama kichaa.

Wiki tano baadaye, Ijumaa mchana, Lamjed aliketi tena mbele ya kompyuta. Saloua aliingia na chai, akaishika kwa kiganja chenye ngozi mpya, akakuta meli ya mafuta imejaa kwenye darubini. Mita mia saba. Jua mgongoni kwa nyambizi. Kidole cha mumewe kilikuwa juu ya kitufe, kimekaa tu.

"Mbona hupigi?"

"Kuna mtu yumo humo," Lamjed akasema, "anakula chakula cha mchana."

Saloua akaweka chai chini. Akavuta kiti, akaketi bega kwa bega naye, na wote wawili wakaitazama meli ikipita.

"Haya," akamwambia, "ibuka juu ya maji, wakuone."