Amri Isiyouliza

Kila siku masomo yakiisha, Chiriku ndiye aliyetangulia kufika chumba cha kompyuta. Alibandikwa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alifungua madirisha, akapangusa kibodi, kisha akamngoja shangazi yake, fundi wa kompyuta wa shule.

Humo wanafunzi walijifunzia kwenye kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyoshikika, inayoishi ndani ya ile ya mezani. Ukiivuruga, unaifuta na kuunda nyingine. Ya mezani haipati hata mkwaruzo. Kuiunda kulitaka maneno mengi, basi Chiriku akatunga amri fupi: andika “unda”, kisha jina unalotaka. Usipotaja jina, amri yenyewe iliiita “kazi”. Na kama palikuwa na “kazi” ya zamani, iliifuta bila kuuliza. Chiriku alipenda hivyo. Maswali ya kompyuta yalimchosha.

Siku hiyo rafiki yake Kobe, mtu wa taratibu, aliandika “unda” akabonyeza, akidhani ndivyo kazi ya jana inavyofunguliwa. Skrini ikaja tupu kama sahani iliyorambwa. Orodha ya vitabu vya maktaba, jasho la wiki tatu, ilikuwa imetoweka, na kesho yake mwalimu mkuu alikuwa aje kuikagua.

Chiriku alielewa palepale kilichotokea. Lakini ulimi ukamtangulia.

“Si ungeandika jina! Maelezo nimeyabandika ukutani. Kumbe hata kusoma unasoma kikobe?”

Wenzao wakacheka. Kobe akaanza kukusanya daftari zake kimyakimya. Shangazi alipoingia na kuuliza kulikoni, Kobe akajibu kwamba amekosea mwenyewe. Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko lawama.

“Hapana, shangazi,” alisema. “Kosa ni langu. Amri niliitunga nikijifikiria mimi tu.”

Bahati nzuri, shangazi alikuwa na mazoea ya kuweka nakala kila Ijumaa. Waliirudisha orodha, zikapungua rafu mbili tu, zilizoandikwa baada ya Ijumaa. Chiriku akasoma majina ya vitabu kwenye daftari za Kobe, Kobe akaandika, mpaka zikaisha. Kisha Chiriku akaifumua amri yake. Sasa kompyuta pepe ya asiyetaja jina ilipewa jipya lenye namba yake, na kabla ya kufuta chochote amri iliuliza. Aliyebonyeza tu bila kujibu, ilihesabu amekataa.

Kobe aliijaribu mara tatu, akabonyeza ovyo kwa makusudi. Hakikupotea kitu.

“Hata mimi nimeshindwa kuiharibu,” alisema, na safari hii walicheka wote wawili.

Shangazi akavuta kiti. “Mwanangu, anayeandika kila kitu anajua anachotaka. Asiyeandika kitu amekuachia wewe umwamulie. Basi mwamulie lililo salama, hata kama wewe lingekuchelewesha.”

 Chiriku alikwenda ukutani akayabandua yale maelezo, maana sasa hakuna aliyeyahitaji.