Mtaimbo wa Mzee Harerimana

Kwetu Kitanga, Jumamosi ilikuwa siku ya kusiriba. Mama alichanganya udongo mwekundu na kinyesi cha ng'ombe kwenye ndoo kuukuu. Alianza na sakafu ya jikoni, akamalizia chooni. Mimi na kaka yangu Obedi tulimchotea maji, tukigombana njia nzima nani abebe ndoo.

Choo kile alikichimba baba, mzee Harerimana, kwa mtaimbo wake mwenyewe. Juu ya shimo alilaza magogo, akayafunika kwa udongo. Halafu akatengeneza mlango wa mbao za mninga. Majirani walicheka sana, maana nyumba yetu yenyewe ilikuwa bado inafungwa kwa mkeka.

"Mgeni akija aone tunavyomheshimu," baba aliwajibu.

Kila Pasaka aliupaka mlango ule mawese, ukang'aa. Sasa ni miaka sita tangu afariki. Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese namkumbuka yeye.

Mwaka huu nilitoka Kibondo, ninakofundisha, nikaja nyumbani likizo. Niliingia chooni. Sakafu ilikuwa laini na nadhifu kama zamani, lakini niliihisi inabonyea chini ya miguu. Nilitoka upesi.

"Mama, choo hiki kimechoka," nilimwambia.

"Kimechoka vipi, Careen? Nakisiriba kila Jumamosi."

"Kina miaka ishirini na mitano."

"Basi ujue baba yako alichimba kweli. Mkitaka kumzika mara ya pili, ngojeni kwanza na mimi nife."

Obedi aliinamisha kichwa. Tangu mwaka jana alikuwa akimwomba tukibomoe tuchimbe kingine, akijibiwa hivyo hivyo. Mimi nilikasirika, kisha nikamhurumia. Mama hakuwa akitetea choo. Alikuwa akimtetea mume wake.

Kesho yake nilimwita Shadia, afisa afya wa kata yetu. Ni mtu wa Tanga, na Kiha anajifunza.

"Mwakeye, mama," alisalimia.

"Mwakeye. Kiha chako kinapona polepole," mama alimtania.

Shadia hakuhubiri. Alikizunguka choo, akatazama, kisha akauliza kama tuna mtaimbo. Obedi alimletea ule wa baba. Shadia alisimama nje ya mlango, akaudunda mtaimbo sakafuni. Ukagoma kuingia. Akausogeza kidogo, akadunda tena. Safari hii ulizama mpaka karibu na mkono wake, na tukasikia udongo ukiporomoka shimoni. Alipouchomoa, ncha ilikuwa na unga wa mti na mchwa wawili watatu.

"Magogo yameliwa, mama. Kinachokubeba sasa ni udongo tu."

"Lakini nimekitunza," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Umekitunza sana. Ila kusiriba kunafunika ubovu, hakuuondoi. Na kila Jumamosi umeongeza uzito juu ya magogo yaliyooza."

Mama alikaa juu ya jiwe, akalia. Nilikaa karibu naye. Baadaye alifuta macho kwa kanga.

"Asubuhi nimeingia humu," alisema. "Na wajukuu wanakuja keshokutwa." Akautazama mtaimbo. "Harerimana angekuwa ameshaanza kuchimba."

Siku ile ile Obedi alikifunga choo kwa miti ya miiba. Wajukuu walipokuja, tuliomba choo cha jirani. Shadia alituchagulia mahali papya, upande wa mteremko ulio chini ya kisima chetu, siyo juu yake, na mbali nacho, zaidi ya hatua arobaini.

"Uchafu unafuata mteremko," alisema. "Baba yenu alipochimba, kisima hakikuwepo. Leo kipo."

Obedi alichimba kwa mtaimbo wa baba. Juu ya shimo fundi aliweka bamba la zege lenye nondo ndani, kitu ambacho mchwa hawali. Tundu likapata mfuniko, ili nzi wasitoke chooni na kutua kwenye chakula. Bomba la hewa lilifungwa wavu juu. Nje tulining'iniza kibuyu chirizi, dumu dogo linalomwaga maji ukikanyaga kijiti, na kando yake sabuni.

Choo cha zamani tulikibomoa tukiwa tumesimama mbali. Tukajaza shimo udongo mpaka juu. Mama akapanda mgomba hapo.

Alikuwa na sharti moja tu: mlango uhamie choo kipya. Obedi aliuchonga kidogo chini, ukaingia.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama amesimama mbele ya choo na ndoo yake ya udongo. Alikuwa amesahau. Zege linahitaji maji na ufagio tu. Alicheka peke yake, akaimwaga ndoo kwenye mgomba, akaenda kuleta kopo la mawese. Alianza kuupaka mlango, polepole, kama baba alivyokuwa akifanya.

Jirani yetu Niyubahwe alipita, akasimama kutazama.

"Kizuri," alisema. "Lakini changu bado kigumu. Mke wangu anakisiriba kila wiki."

Mama aliweka kopo chini.

"Nisubiri hapo," alimwambia. "Nachukua mtaimbo."