Fensi ya Kisamvu

Treni ya SGR iliposhusha abiria Kilosa mchana ule wa Agosti, Lupakisyo alikuwa nje ya mlango wa stesheni, amevaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, akisubiri wageni wa hoteli ya Mikumi aliyokuwa dereva wake. Mguu wake ulikuwa unatikisika. Haukuwahi kutulia tangu utotoni, maana baba yake alikuwa mtu wa reli, na familia ilihamishwa kota hadi kota kabla mahindi ya uani hayajabeba.

Akatokea dada mmoja ndani ya dera la kijani, kilemba cha njano kichwani, kwapani furushi la vijiti vilivyofungwa kwa khanga. Umati ukamsukuma, vijiti vikamkwaruza Lupakisyo kifuani, na utomvu ukabaki kwenye shati.

"Taratibu, dada! Kuni zote hizi za nini?"

"Kuni?" Dada huyo, Editha, akasimama kabisa, watu wakapita pembeni. "Hiki ni kisamvu cha mti, kaka yangu. Unapanda mara moja, unachuma miaka. Nimevitoa maonyesho ya Nanenane Morogoro, mlinzi kanikagua weee, na wewe unaniambia kuni?"

"Na shati langu je?"

"Pole. Huo utomvu ukikauka hautoki. Lichukulie ni zawadi."

"Basi nipe na namba, nimkumbuke aliyenizawadia."

Alimpa. Mwenyewe anadai alimpa ili amwondoe njiani, lakini aliyetaka kupita angepita tu.

Tangu siku hiyo Lupakisyo akawa na safari za Kilosa zisizoisha. Nyumbani kwa kina Editha, mtaa wa Magomeni, kisamvu kilipanda mpaka kikapita bati. Kulikuwa na mbaazi, mlonge na mchaichai, na magimbi pale yanapotokea maji ya kuogea. Viazi vikuu vilitambaa juu ya kila kilichosimama, na katikati kulikuwa na mstafeli mmoja mchanga. Chini yalitandazwa majani makavu, ambayo Editha hakuyafagia kwa sababu yalitunza unyevu. Majirani walipaita pori. Mama yake naye aliogopa nyoka.

"Bebi, umekula nini?" Lupakisyo alikuwa akiuliza kwenye simu.

"Kisamvu cha nazi."

"Na jana?"

"Kisamvu cha karanga. Unasemaje?"

"Nasema uje Mikumi nikulishe nyama. Vyumba viwili viko tayari, uwanja mweupe, wewe tu ndiye hupo."

"Nitakuja. Ngoja mstafeli uzae kwanza."

"Kwa hiyo nashindana na mti?"

"Na unashindwa, mpenzi."

Walicheka. Lakini simu ikikatika, Lupakisyo alizunguka kiwanja chake kitupu akipiga mateke vijiwe. Alitaka mke, na alimtaka leo.

Oktoba ya mwaka uliofuata ikapangwa Jumapili ya posa. Shangazi wa Lupakisyo, Hildegarda, ndiye angeongoza washenga. Jumamosi Editha akaenda Kisanga kumwita mjomba wake, na Lupakisyo akaja na pikapu kuleta viti. Akaangalia uani, akamfikiria shangazi. Shangazi Hildegarda alikuwa mtu wa kupima mwanamke kwa ufagio. Akiyakuta majani yale, Editha angeitwa mvivu kabla hajaitwa mkwe.

"Shikamoo, mama. Nisafishe uwanja kidogo?"

"Marahaba, mwanangu. Safisha bwana, mimi hao nyoka wananitisha."

Kidogo hicho kilichukua siku nzima. Alifyeka kisamvu, mbaazi, mlonge, kila kitu kasoro mstafeli. Akafagia kwa chelewa mpaka ardhi ikatoka mistari. Alikuwa anatoka jasho na amejaa fahari, maskini, alipoingia Editha.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mpenzi. Kwa ajili ya kesho."

"Ili nisiwe na cha kunibakiza hapa."

"Nini? Hapana! Shangazi..."

"Ulisema unashindana na mti. Haya, umeshinda. Beba taka zako uende. Na kesho wasije."

"Edi, nisikilize basi!"

Mlango ukafungwa. Posa haikuja.

Ikawa simu zinapigwa, hazipokelewi. Editha aliitazama inavyolia, akaifunika chini, kisha akaifunua kuona kama bado inalia. Alimpenda, na jambo hilo lilimkera kuliko kufyekewa. Kule Mikumi, Lupakisyo hakuweza kuzitupa fito zile za kisamvu alizoondoka nazo. Kwa kuwa mikono ilikosa cha kufanya, alizichomeka kuzunguka kiwanja, akazifunga waya zikawa fensi. Hakuangalia ncha ipi ni ya juu na ipi ya chini.

Vuli ikanyesha. Kule Magomeni visiki vikaanza kuchipua, na viazi vikuu vikatoa kamba kutoka kwenye ile ardhi iliyofagiwa. Mama Editha alikuwa anachagua mchele kibarazani.

"Edi mwanangu, huyu bwana angetaka kukuhamisha, si angeanza na mstafeli?"

Editha akageuka. Mti ulikuwa umesimama pale pale siku zote, umetoa ua. Hasira ilimzuia kuuona. Alijisikia vibaya mpaka akakaa chini.

Kwenye simu ukaingia ujumbe wa sauti: "Edi, usinijibu, sikiliza tu. Nilikuwa napiga mswaki. Fensi imeota majani. Sijui nifanye nini."

Kesho yake Editha alikuwa Mikumi, dera lile lile la kijani, malori yakiunguruma barabara kuu. Lupakisyo alimpokea ndani ya shati lenye doa. Editha hakusalimia, alianza kukagua fensi.

"Hii umeichomeka kichwa chini."

"Lakini imeota."

"Imeota kwa kujipinda. Itachelewa."

"Edi, haki ya Mungu, niliogopa Shangazi asikuite mvivu."

"Najua. Mstafeli uliuacha. Lakini ungeniuliza, Lupa. Ile ni miaka yangu, ulifagia miaka yangu."

Machozi yakamtoka Lupakisyo bila kuyaficha. "Nisamehe. Nitahamia Kilosa mimi, nitaomba kazi stesheni..."

"Tangu uzaliwe, umewahi kula ulichopanda mwenyewe?"

Akatikisa kichwa. "Sijawahi."

"Basi usihame, ukae mpaka uile hii fensi. Washenga waje Jumapili, ila majani yangu hayafagiwi."

"Shangazi akiuliza?"

"Utamjibu wewe."

"Nitamwambia mvivu ni mimi."

Editha akacheka, akakaa naye kizingitini. "Stafeli la kwanza tutalila kwa mama, mbegu tutazipanda hapa. Siku hiyo nakuja na mabegi."

"Na mpaka siku hiyo mimi nifanye nini?"

"Usubiri, uchume." Akamwekea mkono gotini, akaushikilia mpaka mguu ukatulia.